Picha ya zamani isiyo na jina: uitume kundini, uitundike barazani, au uende nayo kwa wazee?

Shangazi yangu aliacha bati la biskuti lenye picha 43. Nne tu ndizo zilizoandikwa nyuma, na moja katika hizo nne inasema: "Mimi na yeye." Basi. Mimi nani, yeye nani, ameondoka nayo. Zilizobaki ni watu waliosimama mbele ya nyumba za Ng'ambo ya Unguja, nyumba za udongo, makuti na bati, na nyingi hazipo tena. Vipande vizima vya Ng'ambo vilivunjwa kupisha majumba marefu ya Michenzani miaka ya 1970, kwa hiyo hata ukitaka kwenda kusimama pale pale aliposimama mpiga picha, huenda ukajikuta kwenye ngazi za fleti ya mtu.

Nimeuliza kwa njia tatu: kundi la WhatsApp la mtaa, picha zilizotundikwa barazani, na kuwafuata wazee majumbani mwao. Kila njia imenipa majina ambayo nyingine isingenipa, na kila njia imenitia kwenye ugomvi wa aina yake. Nazilinganisha hapa kwa mwenye bati lake, au albamu ya familia, au picha za klabu ya mpira au za skuli, na hajui aanzie wapi.

Iulize picha yenyewe kwanza

"Hii ni picha gani?" ni maswali matatu ndani ya moja: nani, wapi, lini. La nani linahitaji binadamu. La wapi na la lini, mara nyingi picha yenyewe imeshajibu nusu, na ni aibu kumsumbua mzee kwa jambo linaloonekana ukutani.

Chukua Beit el Ajaib, jumba la Sultani pale Forodhani. Jumba lilijengwa 1883, na mnara ulikuwa umesimama peke yake mbele yake, upande wa bahari. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 ikauharibu, na mnara wa saa tuliouzoea ukajengwa ukiwa umeshikana na jumba. Ukiuona mnara umejitenga, picha ni ya kabla ya mizinga. Ukiuona umeshikana, ni ya baada. Na ukiona mbele kumeporomoka, hiyo ni baada ya tarehe 25 Disemba 2020.

Soko la Darajani likionekana, picha si ya kabla ya 1904. Kadi ya posta igeuze: kadi za Waingereza zilianza kugawanywa kwa mstari upande wa nyuma mwaka 1902, na kabla ya hapo nyuma palikuwa pa anwani tu, salamu zikibanwa pembeni mwa picha. Kanga nazo zinasema. Majina ya kanga za zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, herufi za Kirumi zikaja baadaye. Muhuri wa Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, unakwambia picha ilichapishwa 1930 au baadaye. Nasema ilichapishwa, sisemi ilipigwa. Watu walikuwa wakipeleka picha kuukuu studio watolewe nakala mpya, na mimi nilimtangazia ukoo mzima kwamba babu alipigwa picha miaka ya 30, kumbe wakati huo alishakuwa kaburini.

Ukimaliza hapo utajua ni swali lipi limebaki. Hilo ndilo litakaloamua njia.

Vipimo vyangu

Napima kwa mambo manne. La kwanza, njia hii inawafikia akina nani, maana anayeijua picha yako pengine yuko Kikwajuni, pengine yuko Muscat. La pili, jibu lina uzito gani: ni mtu anakumbuka, au anakisia, au anamfuata aliyesema kabla yake? La tatu ni sitara. Picha ni ya mtu, na mtu ana wajukuu. Kwetu Unguja jambo hili halina mzaha: picha za kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964 zina watu waliokimbia, nyumba zilizobadilisha wenyewe, ndoa ambazo watoto wa leo hawakuambiwa. Ukiuliza "hii nyumba ilikuwa ya nani?" usidhani umeuliza jambo dogo. La nne ni muda na gharama.

Kundi la simu

Inawafikia akina nani? Walio mbali, na hapo hakuna njia inayoishinda. Niliituma picha ya vijana watano wenye baiskeli moja baada ya Isha, na kabla sijalala imeshafika Oman, kwa kijana ambaye babu yake alikuwa na nakala ya picha hiyo hiyo. Yake imeandikwa nyuma majina yote matano. Hili si ajabu: watu wakipiga picha pamoja kila mmoja alichukua nakala yake, kwa hiyo picha yako isiyo na jina ina ndugu zake, wametawanyika kama walivyotawanyika wenyewe. Taasisi kubwa nazo zimepita njia hii. Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza Januari 2008 kuweka picha zake Flickr, tovuti ya kuwekea picha, na kuwaomba watu wazitambue. Nyaraka za Taifa za Uingereza zikafanya hivyo 2011 kwa maelfu ya picha za Afrika zilizotoka Ofisi ya Makoloni. Picha za namna ile nyingi unakuta gavana ana jina na cheo, na waliosimama nyuma yake ni "wenyeji". Wenyeji wana wajukuu wenye simu.

Asiyefikiwa ni bibi wa miaka themanini na kitu. Kundini anaingia kupitia mjukuu, na mjukuu mara nyingine hujibu yeye bila hata kumwonyesha.

Uzito wa jibu ni mwepesi mpaka uupime. Mmoja akiandika "huyo ni marehemu fulani", wanaofuata wanaweka mikono ya dua, na ukihesabu unaona watu tisa wamekubali. Hawakukubali. Wamemrehemu tu. Dawa yake ni kuomba tangu mwanzo kila mtu akujibu faragha, si kundini, na aeleze amejuaje. Watu wawili wasioulizana wakitaja jina moja, hapo una kitu. Halafu picha itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida WhatsApp inaibana, na mtu akivuta uso wa nyuma anaona ukungu.

Sitara hapa ndipo pabaya. Nilituma picha ya wanawake wanne uani, mmoja kichwa wazi anasukwa. Asubuhi nikapigiwa simu na mtu nisiyemjua: "Mwanangu, huyo ni mama yangu. Ametoka duniani hajawahi kuonekana hivyo na mwanamume asiye wake. Wewe umemtembeza." Nilifuta, lakini ilishakwenda mbele. Siku hizi kila picha inayokwenda kundini naitazama kwanza kama ni mama yangu.

Muda ni jioni moja, gharama ni bando. Ila majibu huzama haraka, maana kundi hilo hilo ndilo la misiba, mikutano na matangazo ya maji kukatika. Yanakili daftarini usiku huo huo: nani kasema, kasema nini, tarehe ngapi.

Njia hii inamfaa mwenye picha za hadhara, yaani timu, skuli, maandamano, mitaa, kazini, na mwenye ndugu waliotawanyika nje.

Kamba na vibanio barazani

Hii ni ya kizamani na naipenda, nakiri, kwa hiyo nisome kwa uangalifu. Unachapisha picha ukubwa wa A4, kila moja na namba kubwa pembeni, unafunga kamba kwenye nguzo za baraza au ukuta wa skuli, unazibana kwa vibanio vya nguo. Unakaa na daftari. Kahawa ni juu yako.

Inawafikia wanaume wa mtaa, wapita njia, na watu ambao hukujua kama wapo. Mmoja alisimama na mkokoteni wake wa machungwa, akatazama picha namba 7, akasema "ile bomba la maji ilikuwa kwetu," akaendelea na safari. Wanawake watu wazima hawatokaa hapo. Nilikosea mwanzo kwa kudhani mtaa umejibu, kumbe nusu ya mtaa haikuulizwa. Mara ya pili nilimpa dada yangu seti nyingine ya picha akazitandaza ukumbini baada ya shughuli ya arusi, na alirudi na majina kuliko mimi.

Uzito wa jibu unategemea swali. Kwa swali la wapi, sijaona kama baraza. Mzee mmoja anasema ni Vikokotoni, mwenzake anamkatalia, wa tatu anateremka barazani anachora sakafuni kwa chaki: hapa kisima, hapa duka la Mhindi, hapa mkunazi, na jua lilikuwa linampiga mtu huyu usoni kwa hiyo mpiga picha kageukia wapi? Ubishi ule ndio unaokupa ramani, na mtu aliye peke yake chumbani hawezi kubishana. Kwa swali la nani ni kinyume chake. Mwenye sauti kubwa akishataja jina, wenye haya hunyamaza, hata kama wanajua si yeye. Nimekuwa nawaandika walionyamaza wakitazama chini, halafu nawafuata kesho yake.

Kuna hila ndogo ya majina. Juu ya picha ya kundi bandika karatasi ya kuchorea, ile inayopitisha mwanga, uchore vichwa kwa penseli na kuvipa namba. Vinginevyo daftari lako litajaa "yule wa pili kutoka yule mrefu" na wiki ijayo hutojua mrefu gani.

Sitara ni ya katikati. Ni wewe unayechagua kipi kinatundikwa, na jioni unakusanya unakwenda nazo nyumbani. Lakini kila mtu ana simu, na picha ya picha ni picha. Kuhusu nyumba na mashamba, baraza linaweza kuwaka moto mbele ya macho yako. Mwambie sheha, yaani kiongozi wa mtaa, kabla, si kwa sababu ya kibali tu. Yeye anajua mtaa wake una majeraha gani.

Gharama ipo: kuchapisha, kahawa, na siku mbili tatu za kukaa. Picha ya asili usiitundike kamwe. Jua la saa nne linatosha kuiharibu, na vibanio vinaacha alama.

Inamfaa mwenye picha za mahali: mitaa, maduka, viwanja, majengo yaliyovunjwa. Na mwenye kutaka vijana wa mtaa wasikie, maana wanaosimama nyuma ya wazee kusikiliza ni wengi kuliko wanaojibu.

Kwa wazee, mmoja mmoja

Inawafikia wachache, lakini ndio wale wasiofikiwa na njia nyingine yoyote: bibi asiyetoka, mzee asiyesikia vizuri, mtu mwenye haya. Nenda baada ya Alasiri, si karibu na Magharibi. Macho ya uzeeni hayapendi kioo cha simu, na mwenye mtoto wa jicho anaona mng'ao tu. Peleka karatasi kubwa, mkalishe karibu na dirisha.

Uzito wa jibu hapa ni mkubwa kwa sharti moja: usimlishe maneno. Usiseme "bibi, huyu si Bi Fulani?" maana atakuheshimu akubali. Sema "bibi, unaona nini?" kisha nyamaza, hata ikiwa kimya kirefu.

Nilikuwa na picha ya wanawake saba wamevaa kanga za sare. Kundini walisema maulidi. Barazani walisema mapokezi ya mgeni wa serikali. Bibi mmoja wa Miembeni aliiweka mapajani, akaipapasa kwa kidole, akafika kwa mwanamke wa mwisho kulia, aliyekatwa nusu na ukingo.

"Hiki mkononi unakiona?"

"Kipande cha mti, bibi."

"Mti! Hiyo pembe. Na mkono wa pili ana kijiti. Hilo ni vugo, mwanangu. Wanampeleka bi arusi."

Halafu akaanza kuimba kwa sauti ya chini huku akigonga ukingo wa kiti, na katikati ya wimbo akataja majina matatu, kama vile yalikuwa yamekaa ndani ya wimbo. Hakuna kundi lingenipa hilo.

Lakini wazee nao ni watu. Kuna babu aliyemwona kaka yake katika picha tatu tofauti, sura tatu tofauti. Kaka alifariki kijana, na babu bado anamtafuta. Sikumsahihisha. Niliandika alichosema, na pembeni nikaweka alama yangu. Kwa sababu hiyo siku zote nachanganya picha moja ninayoijua vizuri katikati ya zile nisizozijua. Akiipatia, naliamini zaidi lile lililofuata. Na zisizidi kumi kwa kikao kimoja. Baada ya hapo anajibu ili uondoke.

Sitara ni bora kuliko kote, kwani neno linabaki chumbani mpaka mwenyewe aseme litoke. Ukitaka kurekodi sauti, omba kwanza. Akikwambia "hili usiandike", funga daftari mbele yake, alione limefungwa.

Gharama ya fedha ni ndogo, nauli na nakala ya picha ya kumwachia. Muda ndio ghali: wiki nzima unaweza kupata picha mbili. Na wazee hawatusubiri. Kuna nyumba mbili nimefika nikakuta watu wamekaa kwenye majamvi.

Inamfaa mwenye picha za watu, za ndani ya nyumba, za arusi na ngoma za kike, na picha yoyote ambayo unahisi ina jambo.

Redio na nyaraka, kwa ufupi

Redio ya jamii haina macho, lakini mtangazaji akieleza vizuri ("timu ya mpira, jezi za mistari, nyuma kuna mnara wa msikiti") inafika shamba na baharini, kwa wavuvi, ambako kundi lako halina mtu. Itumie kuwatafuta watu, kisha picha uwapelekee. Nyaraka za Taifa pale Kilimani, au makumbusho ya mahali ulipo, watakusaidia kwa majengo, maofisa na magazeti ya wakati ule. Mwanamke aliyesimama mlangoni kwake usitarajie jina lake liko kwenye faili. Faida yao kubwa ni mwisho wa kazi, ukishapata majina na unataka pa kuyaweka.

Mpangilio una uzito kuliko njia

Kama utatumia zaidi ya njia moja, jua kwamba huwezi kurudi nyuma. Picha ikishapita kundini na jina likishatajwa, kila mzee utakayemfuata ameshaambiwa na mjukuu. Shahidi wako ameshaharibika, wala si kosa lake. Kwa hiyo picha za watu mimi naanza chumbani, nakwenda barazani, kundi la mwisho. Picha za majengo naweza kuanza popote.

Njia yoyote ile, skani pande zote mbili kwanza, dpi 600 au zaidi, na nyuma ya picha ya asili usiandike kwa kalamu. Penseli laini, kidogo kidogo, ukingoni. Usizibandike kwa selotepu wala kuzifunga kwenye mifuko ya plastiki, joto letu litazigandisha.

Kwa hali yako

Una picha nyingi na muda mchache, na wengi ni watu wa hadhara: kundi, lakini picha tatu kwa siku, si arobaini kwa mpigo, na majibu faragha.

Mtaa umevunjwa na unataka kujua nyumba ilikuwa wapi: baraza, na chaki mfukoni.

Picha ni moja au mbili, za mama au bibi wa mtu: mzee mmoja, nyumbani kwake. Kama hujui mzee gani, muulize sheha, au muulize anayesomesha chuo cha Kurani mtaani hapo.

Uko nje, huna namna ya kufika: kundi kwa picha za mitaa na timu, na kwa za watu mtafute mpwa mwenye subira akuchapishie azipeleke mkono kwa mkono. Mlipe nauli, usimwachie.

Wewe ni skuli au klabu na unataka jambo la mtaa mzima: baraza na ukumbi wa wanawake kwa siku moja, seti mbili za picha zenye namba zile zile.

Na kama una picha kama ile ya "Mimi na yeye", jaribu chumbani tu. Nilimpelekea bibi yule yule wa Miembeni. Aliitazama, akacheka peke yake, akaigeuza uso chini mapajani.

"Unamjua, bibi?"

"Namjua."

Akanirudishia. "Hii irudishe batini."